Foliki asidi: usisubiri kliniki

Himo ni mji wa njia panda. Barabara inayotoka Moshi ikifika hapa hugawanyika: moja hushika Mwanga na Same kwenda Dar es Salaam, nyingine huelekea Holili mpakani na Kenya, na nyingine hupanda Marangu hadi Rombo. Ndiyo maana soko lake hupokea mazao ya pande mbili. Mlimani hushuka ndizi, parachichi na mboga za majani. Tambarare ya Kahe na vijiji vya jirani huleta mahindi, mpunga, maharage, kunde na choroko. Anayetafuta chakula chenye foliki asidi hana sababu ya kutoka hapa mikono mitupu.

Hata hivyo wanawake wengi hulisikia jina hilo kwa mara ya kwanza wakiwa kliniki ya wajawazito, wakikabidhiwa vidonge vya kuongeza damu, mimba ikiwa imeshatimiza miezi minne au mitano. Vidonge hivyo vina faida na visiachwe. Lakini kazi moja kubwa ya foliki asidi, ile ya kumkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi, hufanyika na kumalizika kabla akina mama wengi hawajajua kwamba wameshika mimba. Makala hii inaeleza vitamini hii inafanya nini, inapatikana katika vyakula gani vya Kilimanjaro, vidonge vitumike lini na kwa kiasi gani, na nani anapaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Kazi yake mwilini

Foliki asidi ni vitamini B9. Ile iliyomo kwenye chakula tangu asili huitwa foleti. Ile inayotengenezwa kiwandani na kuwekwa kwenye vidonge na unga ndiyo foliki asidi yenyewe. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hii kwa kiasi unachohitaji, na akiba inayokaa kwenye ini hutosha miezi michache tu. Lazima iingie kwa chakula, kila siku.

Kazi yake ni kuusaidia mwili kutengeneza vinasaba kila chembe hai inapogawanyika. Kwa hiyo upungufu wake huanza kuonekana pale ambapo chembe huzaliana kwa kasi. Mahali pa kwanza ni kwenye uboho, damu inapotengenezwa. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, kisha huhitaji mrithi. Foleti ikipungua, warithi hao huzaliwa wachache, wakubwa kupita kiasi na wasiokomaa. Mtu huchoka upesi, moyo humdunda akipanda mlima mdogo, hupumua kwa shida, viganja na kope za ndani hupauka, na ulimi huweza kuwa mwekundu na wenye kuuma.

Ugonjwa huo ndio ulioifanya vitamini hii ijulikane. Daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay, India, kuchunguza upungufu wa damu uliowaandama wajawazito, wakiwemo wanawake wa viwanda vya nguo. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake: wagonjwa hao walipona walipopewa rojo la hamira. Kilichowaponya kilikuja kutambuliwa miaka kumi hivi baadaye kuwa ndiyo foliki asidi.

Kwetu tatizo la damu bado ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu yake kuu si foleti peke yake. Upungufu wa madini ya chuma, malaria na minyoo vina sehemu kubwa. Kwa sababu hiyo kidonge cha kliniki huchanganya madini ya chuma na foliki asidi kwa pamoja, na kwa sababu hiyohiyo mgonjwa anapaswa kupimwa badala ya kujinunulia dawa kwa kukisia.

Siku 28 za kwanza

Mahali pa pili ambapo chembe huzaliana kwa kasi ni tumboni mwa mama. Katika wiki za mwanzo za mimba, mgongoni mwa kiumbe hutokea utando bapa ambao hujikunja na kujifunga kuwa mrija. Sehemu ya juu ya mrija huo huwa ubongo, sehemu iliyobaki huwa uti wa mgongo. Kazi ya kuufunga humalizika yapata siku ya 28 baada ya mimba kutunga.

Mrija ukibaki wazi chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: uvimbe au kidonda mgongoni, mishipa ya fahamu ikiwa nje. Wengi wa watoto hawa hupata udhaifu wa miguu, hushindwa kuzuia haja, na maji hujaa kichwani hadi kichwa kuwa kikubwa. Mrija ukibaki wazi juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto haishi.

Sasa hesabu mwenyewe. Siku ya 28 baada ya mimba kutunga, hedhi imechelewa kwa wiki mbili tu. Wapo ambao hawajaanza hata kushuku. Utafiti uleule wa 2015–16 ulionyesha kwamba ni asilimia 24 tu ya wajawazito wa Tanzania waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hata hao wengi wao walifika mrija ukiwa umeshafungwa, au umeshashindwa kufungwa.

Kwamba foliki asidi huzuia hali hii si suala la mjadala tena. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Waliotumia foliki asidi kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo walipunguza uwezekano wa tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungaria ulionyesha kuwa vitamini zenye foliki asidi huzuia hata tukio la kwanza.

Jambo moja lisemwe wazi, maana limevunja nyumba nyingi. Mgongo wazi na kichwa kikubwa havitokani na laana, uchawi wala mama kuvunja mwiko. Pia si kila tukio huzuilika kwa foliki asidi. Urithi, kisukari na baadhi ya dawa huchangia. Mama aliyejifungua mtoto wa hali hiyo anahitaji msaada, hastahili kushtakiwa na ukoo.

Tunamlisha mzazi vizuri, lakini kwa kuchelewa

Uchagani mzazi hutunzwa. Kwa desturi, mama aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu hivi akihudumiwa: mtori wa ndizi na nyama, mlaso wa damu, maziwa, supu. Mume hutarajiwa kuchinja, na mama mkwe husimamia sufuria. Ni mila nzuri. Nyama na damu humrudishia mama madini ya chuma aliyoyapoteza, na mtori humpa nguvu ya kunyonyesha.

Ila ukiitazama kwa jicho la foleti, mila hii ina mapengo mawili. La kwanza ni muda: karamu huja miezi minane hivi baada ya mrija kufungwa. Msichana ambaye hajaolewa, au mke ambaye bado anatafuta mtoto, hakumbukwi na mtu. La pili ni chakula chenyewe. Gramu 100 za ndizi zina takriban mikrogramu 20 za foleti, na nyama ya ng'ombe hata kumi ni shida kufika. Uzito huohuo wa maharage yaliyopikwa una takriban 130. Ndiyo kusema kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, ambacho wengi hukiona chakula cha siku za kawaida, kinaushinda mtori kwa hesabu hii. Mama mkwe asiache mtori. Aongeze bakuli la maharage na mboga za majani pembeni, na aanze mapema.

Ununue nini sokoni

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 za foleti kwa siku, mjamzito 600, na anayenyonyesha 500. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji 150, na wa miaka minne hadi minane 200. Hesabu zifuatazo ni za makadirio, kwa kuwa udongo, mbegu na mapishi hubadilisha kiasi, lakini zinatosha kukuongoza.

*Jamii ya mikunde ndiyo ya kwanza.* Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa kina mikrogramu 350 hivi, karibu mahitaji yote ya siku ya mtu mzima. Kikombe cha choroko kina takriban 320, na cha maharage 230. Dengu, mbaazi na adesi zimo katika kundi hilohilo. Kilimanjaro ina historia ya maharage: aina ya Lyamungu 85, inayolimwa sehemu nyingi za Kaskazini, imechukua jina la kituo cha utafiti cha Lyamungu, wilayani Hai. Kwa bei na kwa upatikanaji, hakuna chakula cha foleti kinachomfaa mtu wa kipato cha chini kuliko maharage.

*Mboga za majani zinafuata.* Kikombe cha mchicha uliopikwa kina takriban mikrogramu 75, na cha spinachi huzidi mara tatu ya hapo. Mnafu, sukuma wiki, figiri, loshuu, majani ya maboga na majani ya kunde yote ni vyanzo vizuri. Tengeru, mkoani Arusha, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kwa miaka mingi kimezalisha mbegu bora za mboga zetu za asili, mnafu na mchicha zikiwemo. Usizione kuwa chakula cha shida.

*Matunda na mbegu.* Nusu ya parachichi la wastani ina mikrogramu 80 hivi. Chungwa moja lina takriban 40. Embe na papai navyo vinachangia. Kiganja cha karanga za kukaanga kina 35 au zaidi. Karanga za kusaga zikitiwa kwenye mchicha, foleti ya viwili hukutana katika bakuli moja.

*Vya mifugo.* Yai moja lina mikrogramu 20 hivi. Maini yana foleti nyingi kuliko karibu chakula chochote. Ya kuku hupita mikrogramu 500 kwa gramu 100. Lakini mjamzito asiyale mara kwa mara, kwani yana vitamini A nyingi mno ambayo ikizidi humdhuru mtoto.

Ugali, wali, chai ya maziwa na nyama vinashibisha, ila foleti yake ni haba. Sahani ya wali mweupe na nyama haifikishi mikrogramu 30. Linganisha na siku hii: karanga kiganja kimoja na uji asubuhi, ugali na kikombe cha maharage mchana pamoja na kikombe cha mchicha, chungwa moja, na nusu parachichi jioni pamoja na machalari ya ndizi. Hapo mtu amekwisha kupata takriban mikrogramu 460, bila kununua kitu cha kopo.

Usiimwage pamoja na maji

Foleti ni vitamini nyepesi kuharibika. Huyeyuka majini, huvunjwa na moto na haipendi mwanga wa jua. Spinachi ikichemshwa kwenye maji mengi hupoteza karibu nusu ya foleti yake; ikipikwa kwa mvuke, karibu yote hubaki. Kwa hiyo:

- Nunua mboga mbichi za siku hiyo, zilizowekwa kivulini. Fungu lililoshinda juani hadi likanyauka limeshapoteza sehemu ya thamani yake.
- Osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kisha ukaosha au kuloweka, foleti huenda na maji.
- Tia maji kidogo, funika sufuria, epua mboga zikiwa bado kijani.
- Mnafu mchungu wengi huuchemsha na kumwaga maji. Ukiweza, chagua aina isiyo chungu sana, au uchanganye na mchicha, ili usilazimike kumwaga.
- Loweka maharage usiku ili yaive upesi. Supu yake iliwe, isimwagwe.
- Kupasha mboga mara mbili tatu huzidi kuimaliza. Pika kinachotosha mlo mmoja.
- Ukikausha mboga kwa ajili ya kiangazi, zikaushe kivulini.

Kisamvu kipo nje ya kanuni hii. Kitwangwe na kupikwa hadi kiive kabisa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Maharage nayo yachemke barabara; yasiyoiva huumiza tumbo.

Pombe ni adui mwingine. Huzuia utumbo kufyonza foleti na huifanya itoke kwa wingi kwenye mkojo. Wapo wanaoamini kwamba mbege, kwa kuwa ina ulezi na ndizi, humjenga mjamzito. Ulezi na ndizi vinajenga. Kilevi kilichomo kinadhuru. Anayetaka ulezi apikiwe uji.

Unga wa dukani na unga wa mashine

Mwaka 2013 Tanzania ilizindua mpango wa kitaifa wa kuongeza virutubishi kwenye vyakula. Viwanda vikubwa vya unga wa ngano na wa mahindi vinatakiwa kuongeza foliki asidi, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Kenya, ng'ambo ya Holili, iliifanya kuwa lazima mwaka 2012. Marekani ilianza mwaka 1998 kwa bidhaa za nafaka, na idadi ya watoto wenye mgongo wazi ikashuka. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kuongeza virutubishi kwenye vyakula, mgongo wazi ukitajwa kwa jina.

Faida ya njia hii ni kwamba humfikia hata yule asiyepanga mimba. Aliyekula chapati, mandazi au mkate wa unga huo amepata foliki asidi bila kujua. Shida ni kwamba familia nyingi za Himo na vijijini hula mahindi ya shambani mwao, yaliyosagwa kwenye mashine ya jirani, na mahindi hayo hayaongezwi chochote. Zipo mashine ndogo za kuchanganyia virutubishi zilizokwisha kufungwa kwenye vinu vidogo na vya kati sehemu mbalimbali nchini. Muulize mwenye mashine yako kama anayo. Ukinunua unga wa mfuko, soma maandishi: tafuta mahali palipoandikwa kuwa umeongezwa virutubishi. Na kama unga wako ni wa mashine ya kawaida, jua kwamba mzigo wote wa foleti unabebwa na mboga na maharage.

Vidonge: lini na kiasi gani

Chakula bora ni msingi, lakini kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba hakitoshi. Foleti ya chakula haifyonzwi yote, wakati ile ya kidonge hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni haya:

- Anayetafuta mimba atumie mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, tangu anapoanza kujaribu hadi mimba itimize wiki 12. Wataalamu wengi hushauri aanze angalau mwezi mmoja kabla. Miezi mitatu ni bora zaidi.
- Mjamzito atumie kila siku, mimba nzima, miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi. Vidonge hivi vyenye viwili kwa pamoja ndivyo vinavyojulikana kliniki kama FEFO.
- Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kiwango kikubwa zaidi, karibu mara kumi, kwa kuandikiwa na daktari.

Mikrogramu 400 ni sawa na miligramu 0.4. Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kidonge cha foliki asidi pekee kinachopatikana kwa wingi madukani ni cha miligramu 5, yaani zaidi ya mara 12 ya kiwango cha kawaida. Ni dawa halali, lakini ina watu wake. Ukienda famasi au duka la dawa muhimu, usiseme tu "nipe foliki asidi". Eleza kuwa unajiandaa kushika mimba, na uulize kidonge kina miligramu ngapi.

FEFO huweza kuleta kichefuchefu, kufunga choo na kukifanya kiwe cheusi. Choo cheusi hakina madhara. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya chakula. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai, kahawa wala maziwa, kwani hivyo huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Udongo wa kula nao huzuia madini hayo. Mjamzito anayeutamani sana apime damu. Utafiti wa 2015–16 ulikuta takribani mwanamke mmoja tu kati ya watano aliyetumia vidonge vya damu kwa siku 90 au zaidi katika mimba yake. Kabati za nyumba nyingi zina pakiti zilizoanzwa zikaachwa. Ukishindwa, mwambie muuguzi, usinyamaze.

Desemba Wachagga hurudi nyumbani, na harusi huwa nyingi. Kwenye kicheni pati bibi harusi hupewa sufuria, seti za vikombe na mafunzo mengi ya ndoa. Kungwi akiongeza somo la foliki asidi, na shangazi mmoja akiongeza pakiti ya vidonge kwenye zawadi, watakuwa wamefanya jambo linalodumu kuliko vikombe. Bwana harusi naye asijitenge. Mwenye kununua chakula cha nyumba ndiye anayeamua kama kila siku kutakuwa na maharage na mboga.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

*Wanaotumia SP.* Mjamzito hupewa vidonge vya SP kliniki kumkinga na malaria, kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita. Huku tambarare, Himo na Kahe, mbu ni wengi kuliko miteremkoni, hivyo dawa hii ina maana. Foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku huipunguzia SP nguvu. Ile ya mikrogramu 400 haina shida. Kama unatumia ya miligramu 5, mwambie muuguzi kabla hujapewa SP.

*Wenye kifafa.* Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, huongeza hatari ya mgongo wazi. Usiache dawa ghafla, maana degedege lenyewe ni hatari kwa mama na mtoto. Mwone daktari kabla ya kushika mimba ili akupangie dawa na kiwango cha foliki asidi. Wanaotumia methotreksati au kotrimoksazoli nao waulize, kwa kuwa dawa hizo huzuia kazi ya foleti.

*Wenye kisukari.* Sukari isiyodhibitiwa wakati mimba inatunga huongeza hatari ya mrija kutofunga. Idhibitiwe kwanza.

*Wenye selimundu.* Chembe zao nyekundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo uboho hufanya kazi bila kupumzika na hutumia foleti nyingi. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wengi huandikiwa foliki asidi ya kila siku kliniki, na hawapaswi kuikatisha.

*Wazee na wasiokula kabisa vyakula vya wanyama.* Foliki asidi nyingi huweza kurekebisha damu na kuficha upungufu wa vitamini B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Ganzi ya miguu na kuyumba ni dalili za kupelekwa hospitali. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 1,000 za foliki asidi ya vidonge kwa siku bila ushauri wa daktari. Foleti ya maharage na mchicha haina kikomo hicho.

Ukiona dalili, au mtoto akizaliwa na tatizo

Uchovu usioisha, kizunguzungu, mapigo ya moyo ya haraka na kupauka ni sababu ya kupima wingi wa damu. Kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa kuanzia. Wakazi wa Himo wana Hospitali ya Kilema upande wa mlimani, na Mawenzi na KCMC mjini Moshi kwa matatizo makubwa zaidi.

Mtoto akizaliwa na kidonda au uvimbe mgongoni, alazwe kifudifudi, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe dawa yoyote ya kienyeji, na apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Upasuaji hufaa zaidi ukifanyika ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kabla vijidudu havijaingia. Kichwa kinachokua kwa kasi isiyo ya kawaida nacho kisingojewe. KCMC hupokea rufaa za Kanda ya Kaskazini, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji huu. Kipo pia chama cha wazazi wa watoto hawa, ASBAHT, na kila tarehe 25 Oktoba dunia huadhimisha siku yao. Watoto wengi waliotibiwa mapema hukua, husoma na hujitegemea.

La kufanya kuanzia leo

Kama una mwanamke au msichana aliyevunja ungo nyumbani mwako, hakikisha kila siku anakula jamii ya mikunde na mboga za majani, iwe anatarajia mtoto au hatarajii, kwa sababu mimba nyingi hazitoi taarifa kabla ya kuja. Kama unapanga kupata mtoto, anza vidonge vya mikrogramu 400 sasa, kabla hujaacha uzazi wa mpango. Kama hedhi imechelewa, pima mapema, na uende kliniki kabla ya wiki ya 12. Na kama ulishapata mtoto mwenye mgongo wazi, usishike mimba nyingine kabla ya kuonana na daktari akuandikie kiwango chako.